Mwalimu Iksi, Aliyetoa Alama kwa Hatua

Ndugu waombolezaji, mimi ninayesoma ni mdogo wa marehemu wa kumfuata, nimepewa jukumu hili na familia.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 3 Mei 1957, mtoto wa kwanza wa fundi seremala, akaanza shule mwaka 1965, na jometri aliipenda kabla hajajua jina lake, kwa kuwa baba alimshikisha rula na kumtuma apime pembe za meza, hata mwaka 1979 akahitimu chuo cha ualimu katika somo la hisabati.

Alianza kazi tarehe 14 Januari 1980, katika shule ileile aliyostaafia mwaka 2017, na wanafunzi wakambandika jina la Mwalimu Iksi, kwa sababu kila kipindi cha aljebra alianza kwa kuuliza iksi yuko wapi, kana kwamba anatafuta mtoro. Aliyekosea jibu lakini akaonyesha hatua sahihi hakutoka mikono mitupu, alipata alama za hatua, na aliyeleta jibu tupu aliulizwa kwa upole amelichungulia kwa nani.

Mwaka 1984 fundi cherehani wa mtaa wa pili alimwomba msaada wa kukata sketi ya duara, kiuno sentimita 66, naye kaka, aliyekuwa akimtazama fundi zaidi kuliko kitambaa, akagawanya kwa pai vizuri kabisa, akapata kipenyo cha 21, akasahau kukigawa kwa mbili, akakichora kama nusu kipenyo, na kiuno cha sketi kikatosha watu wawili. Alirudi kuomba radhi, akarudi tena kuuliza kama radhi imepokelewa, mpaka fundi akamwambia kwamba jibu lilikuwa bovu ila karibu hatua zote zilikuwa nzuri, hivyo anampa alama za hatua. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1985, na fundi huyo ndiye shemeji yangu aliyeketi hapa mbele. Walijaliwa watoto watatu, na hakuna hata mmoja aliyependa hisabati, jambo lililomchekesha mpaka uzeeni.

Februari 2024 moyo ulianza kumsumbua, daktari akatuambia wazi kwamba katika wagonjwa kumi wa upasuaji ule hupona watatu, na shemeji akakataa, akitaka akae naye miezi michache iliyobaki. Kaka hakubishana, alichukua kopo la vifungo vya mkewe, akatia vyeusi saba na vyeupe vitatu, akasema huu ndio upasuaji, kisha akavitoa vyeupe vyote, akasema na huku ndiko kukaa nyumbani. Shemeji alilia sana, kisha akakubali. Jumanne tarehe 11 Juni kaka alifariki akiwa chumba cha upasuaji, na tangu siku hiyo shemeji hulala na kuamka na swali moja, kama walikosea.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi ambao hawakutuficha kitu, majirani waliolala nasi sebuleni, na walimu wenzake waliobeba jeneza asubuhi hii.

Shemeji, nakujibu mbele ya watu wote hawa, jibu halikuwa tulilolitaka, lakini hatua zenu zilikuwa sahihi, na unajua mwenyewe angesahihisha vipi.

Kaka, pumzika kwa amani.