Jimbo la Mwisho kwa Barabara

Mkunga aliibana bahasha yake kifuani. Ndani mlikuwa na barua ya kuomba uhamisho, ya kupeleka wizarani makao makuu: miaka kumi na miwili katika jimbo lilelile, mgongo umechoka, na ahsante hajaisikia. Jirani yake kwenye treni, karani wa takwimu mwenye mdomo usio na likizo, hakuyajua hayo.

"Dada, jimbo lenu limetuaibisha sisi wengine," alisema. "Nimezunguka nchi nzima na dodoso langu. Nikiuliza watoto waliofariki, kwingine karatasi hainitoshi. Kwenu mama mmoja alinikodolea macho kama nimemtukana: 'Wafe kwa nini, na mkunga yupo?'"

"Na barabara zetu umeziandika?" mkunga alimchokoza. "Mvua ikinyesha, wajawazito nawapakia kwenye trekta."

"Za mwisho kitaifa!" karani alikiri, behewa zima likasikia. "Ndiyo maana nashangaa. Hivi siri yenu ni nini?"

Mkunga alicheka. Siri ilikuwa trekta bovu na mgongo wake.

Treni ikasimama kwenye mji wa makao makuu. Karani akakunja miguu ampishe.

"Si ulisema unashuka hapa, dada?"

Milango ilikuwa wazi, na mkunga alikuwa bado ameketi, akiikunja bahasha katikati.