Chaman Alisema Hajambo, Wakamwamini

Marehemu Chaman Sondhi alizaliwa Kisumu tarehe 12 Juni 1922, mtoto wa fundi wa reli. Alisoma shule ya Wahindi hukohuko hadi darasa la nane, na mwaka 1941 akaajiriwa karani wa mizigo, stesheni ya Mombasa. Mwandiko wake, jamani, ulikuwa wa kutamanisha!

Mwaka 1949 alimwoa Lila. Yeye Mpunjabi, Lila Mgujarati. Pande zote mbili zilinuna. "Basi tutagombana kwa Kiswahili," Chaman alimwambia. Wakagombana hivyo miaka thelathini na mitatu, ndiyo maana shemeji yake Yogesh anausoma wasifu huu kwa Kiswahili.

Walifika London Februari 1968. Karani mwenye uzoefu wa miaka ishirini na saba akapewa kunyanyua makreti ya makopo katika ghala moja Edmonton, kaskazini mwa jiji. Akanyanyua.

Kifua kilianza kumbana mwaka 1979. Januari mwaka huu alikwenda na Lila kwa daktari wa ghala, aombe kuhamishiwa kwenye meza ya stakabadhi, afike salama miaka sitini na mitano ya kustaafu.

"Unajionaje, bwana?"

"Sijambo, daktari, ila..."

Mtu wa kwetu husema kwanza hajambo, ndipo aeleze kinachomuua. Daktari hakuingoja hiyo "ila". Akaandika: anafaa kwa kazi.

"Hajamaliza kusema!" Lila alipaza sauti. Daktari akaita mwingine.

Nje, Lila alifoka: "Kwa nini hukuanza na kifua?"

"Ah, Lila! Mtu ataingiaje kwa watu aanze kulalamika?"

Msimamizi naye, kila alipoombwa ile meza, alionyesha karatasi: mzima huyu. Mzima gani, anayelala ameketi? Lila alimsihi aache kazi. Chaman alisema nani atamwajiri mzee wa miaka sitini.

Ijumaa tarehe 19 Novemba 1982, saa nne asubuhi, alianguka na kreti mikononi. Hospitali ilimpokea ameshakata roho.

Ameacha mjane, Lila, watoto wao Kalpana na Darshan, na wajukuu watatu.

Jana ghala lilileta shada la maua, na kadi ya kumsifu kwa kutokosa kazi hata siku moja. Lila alipanda nalo basi, akalitupa juu ya meza ya msimamizi.

Apumzike Chaman kwa amani, maana walio hai walikataa kumpumzisha.