Banda la Trekta ya Mpakani

Benchi la kahawa limeegemezwa kwenye ukuta wa karakana ya Cheche, fundi wa kuchomelea vyuma, na yeyote anayeketi hapo hana budi kuitazama trekta iliyo ng'ambo ya barabara. Imesimama katikati ya nyumba mbili za ndugu wawili, magurudumu ya mbele upande wa kaka, ya nyuma upande wa mdogo mtu, pale pale ambapo marehemu baba yao aliizima kwa mara ya mwisho. Dereva wake ni huyo mdogo, tunayemwita Dizeli. Alikuwa akiwalimia watu mashamba, na hana kazi nyingine inayojulikana. Tangu mazishi, ndugu hao hawasemezani. Kila mmoja anakiri kwamba trekta inahitaji banda kabla mvua haijaiharibu. Kila mmoja anadai banda lijengwe upande wake. Kama kuna mwenye haki zaidi ya mwenzake, hilo halijathibitishwa. Asubuhi hiyo wingu lilikuwa limeinamia mapaa.

— Nguzo nne na mabati, alisema Cheche akipuliza kahawa. Banda halina maajabu. Unachimba, unasimamisha, unaezeka, basi.

— Unachimba kwa nani? aliuliza Dizeli.

Kifungu, karani mstaafu wa mahakama, aliweka kikombe chini, kama afanyavyo kila anapotaka kusikilizwa.

— Hapo ndipo penye kesi. Likijengwa kwa kaka yako, kesho atasema: chombo kiko kwangu, chini ya mabati yangu. Utambishia kwa lipi?

— Basi mpakani, alisema Cheche. Nguzo mbili huku, mbili kule.

— Na maji ya paa yamwagikie wapi?

— Nusu kwa nusu. Paa la migongo miwili.

— Upepo ukiyasukuma upande mmoja?

— Tunaweka mfereji.

— Mfereji wa nani?

Manyunyu yakaanza. Tuliinuka wote wanne, tukalisogeza benchi chini ya upenu, tukaketi tena na vikombe vyetu.

— Nimepata! alisema Cheche. Banda lisiguse ardhi kabisa. Nachomelea nguzo kwenye trekta yenyewe. Ikienda shambani, paa liko nayo.

— Huko ni kuibadili mali ya marehemu kabla haijagawanywa. Tena chenye nguzo na paa ni nyumba, bwana. Kesho utaulizwa kibali cha ujenzi, keshokutwa utaulizwa choo.

— Choo cha trekta!

— Cheka tu. Nimeona majalada yaliyoanza kwa kicheko kama hicho.

— Basi tuchimbe shimo, tuishushe humo, tufunike kwa mbao. Huko chini hakuna mpaka.

— Nani kakwambia? Mpaka unashuka hadi chini.

— Tumeshamzika baba, alisema Dizeli. Trekta isubiri kidogo.

 Mvua ilikolea.

— Kwani turubai haliwezi kusaidia kwa sasa? niliuliza.

— Turubai la nani? Kifungu alinigeukia. Atakayeifunika ataambiwa ameitwaa. Nilimwonya mapema huyu: usiifunike, usiisogeze, hata ufunguo usiuzungushe, mpaka mgawanyo uandikwe.

— Na kaka yake je?

— Naye nilimwonya hivyo hivyo.

— Ulimwonya wewe? Dizeli alishtuka.

— Alikuja kuniuliza, mdogo wangu. Ningemfukuza? Sheria haina upande.

Dizeli alisogea mwisho wa benchi, mbali naye.

Ndipo akaja mama mmoja, viatu vya mpira miguuni, gunia mabegani kwa ajili ya mvua. Tulimwamkia.

— Marahaba, wanangu. Namtafuta kijana wa trekta. Nina shamba ng'ambo ya mto, na mvua ndiyo hii imeshafika. Kwa jembe la mkono sitamaliza.

— Ndiye mimi, mama.

Dizeli alikuwa ameinuka. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho tulimwona amenyoosha mgongo namna ile.

Mama aliitazama trekta. Maji yalitiririka kwenye usukani, na bomba la moshi lilikuwa limeelekea juu, kinywa wazi.

— Inawaka?

Dizeli naye aliitazama trekta. Akamtazama Cheche; Cheche akamtazama Kifungu; Kifungu akatazama ndani ya kikombe chake. Katika yote yaliyobishaniwa kwenye benchi lile, swali hilo halikuwahi kuulizwa.

— Nakuuliza wewe, mwanangu. Inawaka?

— Ilikuwa inawaka, mama.

— Mimi nalima mwaka huu.

Mama akavuka barabara. Kaka mtu alikuwa amesimama barazani kwake. Hatukusikia maneno, kwa hiyo siwezi kuapa aliulizwa nini; tulichokiona ni kwamba aliigeukia trekta, akatugeukia sisi, kisha akainua mikono yote miwili, viganja wazi. Mama akavuta gunia kichwani, akashika njia kuelekea mjini, kutafuta trekta nyingine.

Dizeli alibaki amesimama ukingoni mwa upenu, matone yakimpiga kifuani.

— Hata kaka hajui, alisema.