Shimo Nyuma ya Nyumba ya Mwenyekiti

Mheshimiwa Meya wa Naujarvik, Bi. Leetia Paniluk, Mchungaji wetu, Bwana Afisa Wanyamapori, uliyekubali kupanda ndege ndogo katika upepo wa namna hii, wazee wetu mlioketi mstari wa mbele, wajumbe wenzangu wa Chama cha Wawindaji, walimu na wanafunzi, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mlioko majumbani mnaotusikiliza kwa redio ya kijiji huku chai ikipoa: nawasalimu nyote. Na kwa kuwa waliotuzaa walitufundisha kwamba dubu husikia anaposemwa, hata akiwa mbali, naye namsalimu kwa heshima, na naahidi kwamba leo hatatajwa kwa dharau.

Tumekusanyika ukumbini humu kumuaga Dada Siipa Tagurnaaq, aliyeongoza doria ya kuwazuia dubu wasiingie kijijini kwa miaka ishirini na miwili. Mimi, Enusik, mwenyekiti wenu, nimepewa dakika kumi za kumsifu. Nimeandikiwa hata hotuba, karatasi mbili, imechapwa vizuri. Nimeiacha nyumbani makusudi.

Nianze na yale mnayoyajua. Katika miaka ishirini na miwili hakuna mtu wa Naujarvik aliyeguswa na dubu. Hakuna hata mmoja. Na katika miaka hiyo yote Dada Siipa aliua dubu watano tu. Vijiji vingine hufikisha watano kwa vuli moja, nasi tunavijua, ila leo hatutavitaja maana wajumbe wao wamekaa pale nyuma na wamekula samaki wetu. Mwaka ule baridi ilipoigandisha bunduki yake karibu na kituo cha mafuta, alifanya nini? Aliingia jikoni kwa mke wangu, akachukua sufuria na mwiko, akatoka kumpigia dubu dume kelele mpaka ufukweni. Sufuria hatujarudishiwa hadi leo.

Tena alikuwa na namna yake ya kuwafukuza. Kabla ya kufyatua baruti ya kelele, alisema nao kwanza. Wengi wenu mmemsikia, kwa sababu redio yake ya mkononi ilikuwa mbovu, kitufe kimekwama, kila alichosema kiliingia majumbani. "Mama, huku hakuna chako. Pita zako. Barafu inakuja." Watoto wetu walikuwa wakiigiza maneno hayo wakicheza.

Sasa niulize: hiyo barafu inayokuja iko wapi? Nilipokuwa na umri wa hawa wanafunzi, tulivuka ghuba juu ya barafu kwa sileji za kuvutwa na mbwa katikati ya Oktoba. Leo ni tarehe ishirini na saba Novemba. Tokeni nje mtazame. Maji ni meusi mpaka upeo wa macho. Dubu walishuka pwani mwezi wa saba barafu ilipovunjika, na sili, mawindo yao ya baharini, hawakamatiki bila barafu, kwa hiyo tangu mwezi wa saba wanasubiri, wanalamba mwani na mayai ya ndege, na kila wiki mifupa inazidi kuonekana chini ya ngozi. Wageni kutoka kusini wanatuambia dubu wanapungua. Sisi tunawajibu kwamba wameongezeka, maana tunawaona milangoni. Tumebishana miaka mingi, na nadhani sote tulikuwa tunaona jambo moja. Hawana tena pa kusimama, basi wanasimama kwetu.

Hao ndio dubu aliowalinda Siipa dhidi yetu, na kutulinda dhidi yao. Halafu ukaja mwezi wa kumi na moja wa mwaka jana.

Ninajua mnavyousimulia. Mnasema ilikuwa saa tatu asubuhi, watoto wako njiani kwenda shule, dubu jike mwenye sikio lililochanika alikuwa nyuma ya nyumba ya mwenyekiti na watoto wake wawili. Jike lile Siipa alikuwa amelifukuza vuli saba mfululizo, na kila mara lilikuwa likiondoka kwa baruti moja, mbili. Siku ile alifyatua tano. Likainua kichwa, likainama tena. Watoto wetu walikuwa hatua arobaini kutoka pale. Mlisikia redioni, kila mmoja wenu alisikia: "Mama, ondoka. Tafadhali, ondoka." Kisha mlio wa bunduki.

Mtoto mmoja wa dubu alikaa ubavuni mwa mama yake mpaka alipochomwa sindano ya usingizi, akapelekwa kusini kwenye uzio wa kufugia wanyama. Wa pili alikimbilia ukingo wa maji. Siipa alimtafuta siku tatu. Mwezi wa tano nilimkuta mimi, kwenye mawe ya rasi, ngozi na mifupa. Nilimnyanyua kwa mkono mmoja.

Na yule jike alihesabiwa katika vibali vya kijiji vya kuwinda dubu, kama sheria inavyotaka. Kura ya kugawa vibali ilikuwa imekwisha kupigwa humu humu ukumbini, na kibali kilichokatwa kilikuwa cha ndugu yetu Kilabuk, ambaye alikuwa amesubiri miaka sita jina lake litoke. Kilabuk alikasirika, na sikumlaumu. Lakini mliobaki? Mlipiga simu redioni wiki nzima. "Siipa kazeeka, siku hizi anapiga risasi kwanza, kisha ndio anawasha taa." Mwingine akasema mkono wake unatetemeka, apewe kazi ya kushona glavu. Mlicheka. Nami nilikuwa studio siku hiyo, nimealikwa kama mwenyekiti, nami nilicheka.

Ndugu zangu, kwa nini jike lile halikuondoka? Hakuna aliyeuliza. Taarifa iliyopelekwa Idara ya Wanyamapori ilisema, na namnukuu mwandishi wake, "hapakuonekana chakula wala harufu ya kumvuta mnyama." Sahihi iliyo chini ya taarifa ile ni yangu. Nayo ni ya uongo.

Bwana Afisa, naomba uketi. Utazungumza nami baadaye, na una haki.

Mnajua igunaq ya baba yangu. Kila kiangazi tulishona nyama ya walrasi, yule mnyama mzito wa baharini, ndani ya ngozi yake, tukaifukia kwenye changarawe ya rasi, tukaifukua wakati wa baridi imeiva. Baba, Mzee Aipili, ana miaka themanini na saba na meno yamebaki manne, na hakuna chakula kingine duniani anachokiita chakula. Lakini rasi siyo ile tena. Changarawe imepata joto. Mwaka wa kwanza nyama ilioza, tukawapa mbwa, na mbwa wawili wakafa. Mwaka wa pili dubu waliifukua yote mwezi wa tisa, maana wako pale pale wanasubiri barafu. Mwaka wa tatu nikajiona mjanja. Nyuma ya nyumba yangu, upande wa kaskazini, kuna kivuli ambacho theluji hukaa mpaka mwezi wa nane, na ardhi yake bado ni baridi. Nikachimba pale. Nikajiambia pia kwamba karibu na nyumba, penye watu na kelele, dubu hatathubutu.

Siipa alipita siku ya tatu. Hakuingia hata ndani, alisimama barabarani akanusa. Aliniambia ile harufu siyo yangu peke yangu, niihamishe kabla baridi haijaingia. Nilimjibu vibaya. Jioni yake nikaenda redioni nikatania kwamba mlinzi wetu ananusa dubu mpaka ndani ya birika. Mlicheka siku hiyo pia.

Asubuhi ile, jike lilikuwa limekwisha kufikia nyama. Lilikuwa halijashiba tangu mwezi wa saba, lina watoto wawili wa kunyonyesha, na chini ya miguu yake kuna walrasi mzima. Nani kati yetu angeondoka? Mimi nisingeondoka.

Na baada ya risasi, wakati ninyi mmewakimbilia watoto wenu, mimi nilifanya nini? Nilirudisha changarawe shimoni kwa miguu. Nikamwaga theluji juu yake. Nikavuta sileji yangu nikaiegesha pale, kisha nikamsubiri afisa nikiwa nimefunga mikono nyuma kama mtu mwenye uchungu wa kijiji kizima.

Sikujua kwamba Siipa alikwisha kuona. Yeye ndiye aliyemchuna dubu, kama ilivyo desturi. Tumboni alikuta mwani, mawe madogo, kipande cha mfuko wa plastiki, na vipande vya ngozi ya walrasi vilivyoshonwa kwa uzi wa kijani wa nyavu. Hapa Naujarvik ni nani anayeshonea uzi wa kijani? Wazee mnatikisa vichwa. Mnajua.

Akauweka mfukoni. Miezi kumi akaitwa mzee, akaitwa mwoga, akatukanwa redioni na watu aliowavushia watoto wao kwenda shule, na ule uzi uko kwake.

Mwezi wa tisa mwaka huu alileta barua ya kuacha kazi. Nikaenda kwake kumpa pole ya Chama. Alinipa chai na mkate, akafungua kopo la vifungo, akauweka uzi mezani karibu na kikombe changu. Niliutazama mpaka chai ikapoa, ndipo nikamuuliza kwa nini hakunitaja.

"Ningesema nini?" akanijibu. "Kwamba mwenyekiti ni mwongo? Hiyo habari gani?"

Mnacheka. Nami nilitamani kucheka.

Kisha akaniuliza, "Baba yako aliipata hiyo nyama?"

Nikasema ndiyo, ile iliyosalia, kidogo.

"Aliila?"

"Aliila yote."

"Basi. Ningekutaja, Idara ingepiga marufuku kufukia nyama kijiji kizima. Mtu wa kwanza kulala njaa angekuwa yeye, na wenzake waliobaki. Mimi matusi nayaweza, Enusik. Ila yule mama yangu wa sikio bovu sikumuweza. Naamka namsikia anavyotafuna."

Ndiyo maana anaondoka. Siyo mkono kutetemeka. Mkono wake ungekuwa unatetemeka, mmoja wa watoto hawa waliokaa sakafuni asingekuwepo. Anaondoka kwa sababu tulimlazimisha kumuua aliyemlinda miaka saba, kisha tukamcheka. Na anayesema "tulimlazimisha" anajificha tena nyuma yenu. Nilimlazimisha mimi.

Dada Siipa, nakuomba radhi mbele ya watu, kwa sababu mbele ya watu ndipo nilipokuvunjia heshima. Sikuombi unijibu.

Bwana Afisa, taarifa sahihi iko ndani ya bahasha hii, na uzi umo. Kilabuk, jina langu limetoka kwenye kura ya mwaka huu. Kibali ni chako, nimekwisha kusaini. Mheshimiwa Meya, kuanzia leo mimi si mwenyekiti. Tangazo la nafasi ya doria limebandikwa dukani wiki tisa na hakuna aliyeomba, basi nimeomba mimi, kama mtanikubali, nikiwa na miaka sitini na mmoja na goti moja zima.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo gumu kwangu. Kabla sijajiuzulu, jana nilikaa na wajumbe wa Chama kikao cha mwisho, tukakubaliana kwamba hakuna tena kufukia nyama ndani ya kijiji. Mzee mmoja akauliza, vizuri, ndani ya kijiji hapana, basi wapi? Rasi ina joto. Ng'ambo ya mto dubu wamelala kwenye changarawe kila kiangazi. Milimani hakubebeki. Kila mtu akaipitia pwani yote kichwani, mwamba kwa mwamba, na hakuna aliyepata mahali. Hatukuthubutu kuliandika neno lenyewe katika muhtasari. Basi nitalisema mimi, kwa mdomo wangu, ili asilaumiwe mwingine.

Baba. Uko hapo mbele, na najua unanisikia, umefungulia kile kifaa cha sikioni. Juzi uliniuliza nyama ya mwaka huu iko wapi nikakwambia bado haijaiva. Nilikudanganya. Ilikuwa imeiva vizuri sana. Jumamosi mimi na wajukuu zako tuliipakia kwenye boti, tukaenda penye kina kirefu, tukaitosa, furushi moja moja, isije ikamvuta dubu mwingine kijijini. Sikukuletea hata kipande, kwa sababu ningekuletea kipande nisingeweza kutosa kilichobaki. Uliniambia unaisubiri hiyo tu ndipo ufe. Haitakuja mwaka huu, Baba, wala mwaka ujao, igunaq imekwisha, na usiku wa leo utakula supu ya kopo nitakayokupikia mimi.

Dada Siipa, ahsante kwa miaka ishirini na miwili. Nanyi nyote, nawashukuru kwa kuniazima masikio yenu hadi hapa nilipofika.