Kornelio Hezekia, Mwenye Gazeti la Lushoto Leo

Mchungaji, viongozi wa chama na serikali, ndugu, jamaa na majirani, mimi ni Efrazia, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, familia imenituma nisome historia ya maisha yake, nami nitaisoma yote, pamoja na ile sehemu ambayo asubuhi ya leo kamati ya mazishi ilinitaka niifupishe, niseme tu kwamba marehemu alijishughulisha na uandishi.

Kornelio Hezekia alizaliwa tarehe 14 Machi 1927 katika kijiji cha Mgwashi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Hezekia na Mama Yunia, wakulima wa viazi na kahawa, akasoma shule ya misheni hapo kijijini kuanzia mwaka 1935, kisha shule ya kati hapa Lushoto hadi mwaka 1943, ambako walimu walimsifu kwa mwandiko wake na kumchapa kwa maswali yake.

Mwaka 1946 aliajiriwa kuwa karani katika ofisi ya wilaya, akajifunza kupiga taipu na kuendesha mashine ya kurudufu, na tarehe 3 Septemba 1955 alifunga ndoa na wifi yangu Marta, wakajaliwa watoto watatu, Tobia, Eliwaza na Yunia, ambao mnawaona hapa mbele.

Julai 1962, Uhuru ukiwa bado mpya, aliacha mshahara wa ofisi watu wakamwona amerukwa na akili, akanunua mashine iliyochakaa kutoka kwa mlowezi aliyekuwa anarudi kwao, akaanzisha gazeti la Lushoto Leo, lililotoka kila baada ya wiki mbili, likieleza bei ya viazi, barabara ya Mombo ilipokatika, nani amefiwa, na fedha za ushirika zimeishia wapi, na kwa kuwa karatasi zilichelewa kufika kutoka Tanga ninyi mlilitania mkaliita Lushoto Juzi, lakini mlilisoma, tena wengi wenu mlilisoma bure, mmesimama dukani.

Kaka yangu alikuwa na utaratibu mmoja ambao mimi niliupinga tangu mwanzo, kwamba hakuchapa habari mbaya ya mtu yeyote kabla ya kwenda nyumbani kwake, kupiga hodi, kusalimia inavyopasa na kumsomea habari hiyo neno kwa neno, ili mwenyewe ajibu na jibu lake liingie gazetini, na kwa ajili hiyo alitukanwa, alifukuzwa na mbwa, na mara kadhaa aligundua kwamba amekosea, akaifuta habari. Nilimwambia kwamba anawapa watu nafasi ya kumwahi, akanijibu kwamba mtu hasemwi kisogoni.

Asubuhi ya tarehe 11 Novemba 1974 alikwenda hivyohivyo nyumbani kwa Bwana Nathanaeli, wakati ule katibu kata, ambaye leo amekaa kiti cha mbele, akamsomea habari ya watu waliohamishwa, na Bwana Nathanaeli alimpa chai, akasikiliza mpaka mwisho, akasema ni jambo zito, akaomba aachiwe zile karatasi azitafakari, na kabla ya saa tisa alasiri mgambo walikuwa wamekwisha kubeba mashine, karatasi zote na kaka yangu.

Aliwekwa ndani Tanga bila shtaka hadi tarehe 20 Machi 1975, na katika muda huo ninyi majirani mlirudisha magazeti ya zamani mliyokuwa nayo, mkayalundika mlangoni kwa wifi yangu kama mtu anayerudisha sufuria ya kuazima, msije mkakutwa nayo, kisha mkaacha kumsalimia njiani. Nasema haya nikiwa na hasira, wala sioni aibu.

Alirudi na kikohozi ambacho hakikumwacha, akalazwa mara mbili, na alipokuwa kitandani hakuulizia mashine yake, aliuliza kama habari ile imesomwa popote, nami kila alipouliza nilimjibu bado, hadi alipofariki dunia tarehe 6 Juni 1976, saa nne asubuhi.

Leo inasomwa, na alinisimulia mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuikosea. Familia za kitongoji cha Kwembalazi, watu waliozaliwa kwenye baridi, zilihamishwa Agosti 1974 na kushushwa tambarare karibu na Mombo, nyumba zao huku juu zikaezuliwa ili wasirudi, hawakupewa dawa wala vyandarua, wakaomba warudi mpaka mvua zipite, wakaambiwa ni wavivu, na kabla ya Novemba homa ilikuwa imewaua Fatuma binti Rajabu, mwenye miaka mitatu, Salimu Mussa, mwenye miaka sita, na Hadija Ramadhani, ambaye alikuwa bado ananyonya. Jibu la Bwana Nathanaeli halimo, kwa sababu juzi nilikwenda kwake kumsomea, na mlango haukufunguliwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuuliza ametoka wapi, inamshukuru jirani yetu Bi Mwanamisi, aliyeleta uji kila asubuhi mchana kweupe watu wakimwona, na utingo wa basi la Mombo aliyebeba magazeti miaka yote hiyo bila nauli, ndiye pekee tunayeweza kumwita mfanyakazi mwenzake. Majirani wengine tunawashukuru kwa kuja leo.

Ratiba iliyoandikwa na kamati inasema kwamba baada ya mjane na watoto, Bwana Nathanaeli ataweka udongo kwa niaba ya viongozi, lakini kaburi hili ni la familia, na familia imeamua kwamba hataweka, abaki alipokaa, na nafasi yake ichukuliwe na Bwana Rajabu, baba wa marehemu Fatuma, aliyepanda mlima kwa miguu tangu jana, na ambaye yuko pale nyuma, amesimama, kwa sababu hakuna aliyempa kiti. Bwana Rajabu, tafadhali pita mbele.

Kaka yangu Kornelio, imesomwa, pumzika kwa amani.