Gari la Kustaafia la Baba Evod

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu watumishi wenzangu, na shikamooni wote mlionizidi umri. Hamjambo? Wenzetu mlioko Chita, yale mafua yameachia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimepewa nafasi hii kwenye jarida letu nimuage mtu ambaye nimekaa kiti cha nyuma yake kwa miaka kumi na tisa.

Ndugu Valeriani Matimbwa, ambaye sote tunamwita Baba Evod, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuendesha gari la kliniki ya mkoba la kituo chetu cha afya kwa miaka thelathini na miwili. Alianza mwaka 1993, enzi za kuvuka mto kwa kivuko, daraja bado ni ndoto. Kijiji kwa kijiji amebeba chanjo, mizani ya watoto, wauguzi, na mara nyingi kuku wa shukrani aliyefungwa miguu. Kabla ya safari tulisali Baba Yetu moja, na ikifika "Amina" gia namba moja imeshaingia. Wauguzi wageni walijifunza kushika kiti kuanzia "utuopoe maovuni".

Masika moja betri ilikufa tukiwa Chita. Nilikuwepo. Akina mama waliotoka kupima watoto waliwafunga mgongoni, wakasukuma gari kwa vifijo. Yeye akaweka gia namba mbili, akaachia klachi, injini ikaitika. Tangu siku hiyo akawa na msemo wake: "Gari isiyosukumika haina majirani." Alikuwa anayasema magari ya oto, yanayojibadilia gia yenyewe, maana hayo hata msukume kijiji kizima hayawaki.

Basi mtaelewa mtihani uliompata mwaka huu. Sisi watumishi tuliamua kumzawadia gari dogo. Nyumbani kwake ni Kisawasawa, na mkewe, Mama Klementina, anahudhuria kliniki ya presha hapa Ifakara kila mwezi. Ndugu Ignas, mwenyekiti wa kamati ya kuaga, akapata magari mawili yanayofanana kama mapacha, tofauti ni gia tu: moja manyuo, yaani ya klachi na kubadili kwa mkono, moja oto. Akamwambia mzee achague mwenyewe. Baba Evod alisema manyuo kabla Ignas hajamaliza kusema.

Lakini kuna goti la kushoto. Miaka yote hiyo ya kukanyaga klachi kwenye matope imelila, na daktari wetu, Aikande, hakumficha: "Shikamoo mzee wangu, lakini klachi sasa basi. Ukiendelea nayo, mwakani hutaendesha chochote." Mzee akaahirisha uchaguzi wiki tatu. Kwake yeye, dereva asiye na klachi ni abiria aliyeshikishwa usukani. Aliniambia, na ameniruhusu niandike, kwamba alikuwa anasali novena kwa ajili ya jambo hilo, ila hakujua amwombe Mungu goti jipya au moyo mpya.

Jumamosi moja Ignas akamshawishi angalau ajaribu lile la oto, pale uwanja wa mpira wa Viwanja Sitini. Yeye alikaa mbele na mzee, mimi na Mama Klementina tukakaa nyuma na beseni letu la vitumbua. Baba Evod akaitazama gia. "Hii ina herufi," akanung'unika, "mimi nimesomea namba." Akaondoka vizuri tu. Halafu mazoea yakamvuta abadili gia. Mguu wa kushoto ukaitafuta klachi, haukuikuta, ukakanyaga breki kwa nguvu zote. Sisi wa nyuma tulisujudu bila ibada. Vitumbua vikamwishia Ignas shingoni.

"Baba Evod, unatupeleka au unatumwaga?" mkewe akauliza.

Akajaribu tena, akakanyaga tena. Hapo akazima gari. Hakuna aliyecheka. "Leteni manyuo," akasema taratibu. "Nitaendesha mpaka goti lenyewe lisimame."

Mama Klementina akashuka, akazunguka, akafungua mlango wa dereva. "Nipishe."

"Nikupishe uende wapi? Wewe hujui kuendesha!"

"Ndiyo maana sina cha kusahau."

Niwaambie kisa. Zamani, mwaka 1996, mzee alijaribu kumfundisha mkewe kwa gari la manyuo. Gari likaruka kama chura mara tatu, likazima. Mama akashuka, akatembea mpaka nyumbani, na habari ya kuendesha haikutajwa tena. Siku hii Ignas alikuja nyuma kwangu, mzee akahamia kiti cha kushoto, akamwelekeza mkewe breki na mafuta, basi. Mama akauzunguka uwanja mara mbili, polepole, midomo imebana, bila kuruka wala kuzima. Aliposimama, Baba Evod alimgeukia Ignas aliyekuwa bado anajipangusa mafuta: "Chukua hii hii."

Jioni nilimuuliza kama hatajuta. Akanijibu, "Domitila, nilikuwa nachagua gari la goti moja. Kumbe nyumbani tuna magoti manne."

Baba Evod, kwa niaba ya wenzangu, asante. Umetupeleka na kuturudisha, na kina mama wa bonde hili wanaijua honi yako kuliko sauti zetu. Mungu akupe mavuno, usingizi mzuri, na uvumilivu wa kukaa kiti cha kushoto bila kushika handbreki. Maisha yawe mema kwenu wote wawili.

Ndugu zangu, Jumamosi tarehe 5 Julai tunawasindikiza Kisawasawa baada ya misa ya asubuhi. Mama Klementina ndiye atakayeendesha, kwa leseni yake ya mwanafunzi, na Baba Evod atakaa pembeni yake kama sheria inavyotaka. Mama ameomba asipigiwe honi na asipitwe na mtu. Kwa hiyo safari itakuwa ndefu, na chakula inabidi tubebe. Nani anakuja? Naomba mnijibu mapema.

Domitila, mhudumu, kliniki ya mkoba