Gari Limeshapona

Kona ile ni mbaya. Tangu mwenye duka la rangi asogeze kibaraza chake hadi ukingoni mwa barabara, gari linaloshuka halioni linalopinda, na kila mara utasikia kishindo, halafu matusi. Hapo ndipo lilipo benchi la kahawa, na benchi lina sheria zake. Mkigongana mnaketi. Mnapewa kahawa, na hakuna kutaja polisi wala bima mpaka vikombe viwe vitupu. Wanaoongea ni wenye usukani tu. Vikombe vikiisha mnapeana mikono, fundi anaitwa, mambo kwisha. Hakimu ni Wakili, mshona viatu ambaye mahakama ameiona kwa nje, lakini kesi zake hazikatiwi rufaa. Hapo ndipo Breki, dereva wa pikapu ya magodoro aliyepewa jina hilo kwa kejeli, alipomalizana na mwenye gari jeupe alilolipiga kwa nyuma. Asubuhi hii amekuja na macho ya mtu ambaye hakupata usingizi.

— Hapokei simu, alisema Breki. Gari lake limeshapona. Buti limenyooshwa, rangi imepigwa, fundi anataka nafasi yake. Mwenyewe haonekani.

— Huyo ameenda bima, alisema Rada, dalali wa vyumba, anayejua habari za watu kabla wenyewe hawajazijua.

— Aende bima vipi na tulishapeana mikono?

— Mkono si saini, kaka. Hapa tunapoongea wanampigia tajiri wako.

Hilo ndilo Breki alilokuwa akiliogopa. Pikapu haikuwa yake. Bima ilikuwepo, tena kubwa, ila fomu zake lazima zipite kwa tajiri, na tajiri alishaapa kwamba dereva atakayegonga tena akabidhi funguo siku hiyo hiyo. Nyumbani mke ananyonyesha, na kazi ya udereva siku hizi haiokotwi barabarani. Ndiyo maana siku ile alikimbilia benchi kama mtu anayekimbilia kivuli.

— Tulia wewe, alisema Wakili, akivuta uzi kwenye soli. Wahenga walisema kamba hukatikia pabovu. Buti limeshanyooshwa, pabovu hapapo tena. Sasa itakatikia wapi?

— Hiyo ni methali au umeshona kiatu? aliuliza Rada.

— Hiyo ni hukumu. Na penye wengi hapaharibiki neno. Siku ile si tulikuwa wengi hapa?

Muuza kahawa alisimamisha birika hewani.

— Mimi nilimwona, hakumaliza kahawa yake. Mtu asiyemaliza kahawa ana lake moyoni.

— Sasa nimeelewa! Rada alijipiga paja. Gari lile ni la wizi. Alilileta makusudi ligongwe, lipigwe rangi mpya, polisi wasilitambue.

— Limepigwa rangi ile ile nyeupe, Rada.

— Nyeupe ya nani? Nyeupe ziko nyingi!

— Wote mmekosea, alisema Wakili, na sindano akaiweka chini. Yule ni mpelelezi wa bima. Wanatumwa wafunge breki ghafla mbele ya watu, waone nani anamalizana kienyeji. Wanalitafuta benchi hili. Linawanyima riziki.

— Mpelelezi na gari bovu vile?

— Ndiyo ujanja wenyewe! Mficha uchi hazai.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Itaingia tu, ipe nafasi.

Walicheka. Breki naye alicheka, kicheko cha kujilazimisha, na ndipo alipomwona dada mmoja amesimama karibu nao, funguo za gari mkononi.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti, aliitikia Wakili. Karibu kahawa.

— Ahsante, sikai. Namtafuta fundi. Nimekuja kuchukua gari jeupe la kaka yangu.

Breki aliruka akasimama. Moyo ulimrudi mahali pake.

— Afadhali, dada yangu! Limepona kabisa, huwezi kujua kama liligongwa. Kaka yuko wapi? Nimempigia mpaka nimechoka.

— Yuko nyumbani na waombolezaji. Jana tumemzika mama.

Wakili alivua kofia.

— Poleni sana, mwanangu. Aliugua?

— Siku mliyogongana alikuwa ndani ya gari, kiti cha nyuma. Kaka anasema mlimpa nafasi hapa benchini, akakaa pale mwisho wakati mnazungumza habari za buti. Walipofika nyumbani akasema anajilaza kidogo. Hakuamka. Daktari anasema damu ilivujia kichwani. Anasema angewahishwa…

Rada, aliyekuwa amekaa pale mwisho wa benchi, aliinuka polepole akasimama pembeni.

— Sikuja kwa ugomvi, alisema yule dada. Mlisema mtalitengeneza na mmelitengeneza. Ila kaka anasema alimwona mama akiwaambia kitu. Yeye hakusikia, alikuwa ameinama na fundi wanaangalia buti. Na njia nzima ya kurudi mama alikuwa kimya. Kwa hiyo nyinyi ndio mlioongea naye mwisho. Nataka kujua hilo tu. Alisema nini?

Wakili alifungua mdomo. Kwa mara ya kwanza tangu benchi liwe benchi, methali haikutoka.

— Nadhani aliomba maji, alisema muuza kahawa. Au nilimpa tu mwenyewe. Sijui, mwanangu. Nisiseme uongo.

Breki alikumbuka mkono. Mkono mwepesi wa mama mtu mzima ulivuta shati lake hapa kwenye kiwiko, wakati yeye anabishania rangi. Akakumbuka aligeuka. Akakumbuka mpaka sauti yake mwenyewe: "Subiri kidogo mama, wenye magari tunaongea." Alitafuta maneno yaliyotangulia hayo. Aliyatafuta kwa nguvu, aibu ikimchoma mpaka masikioni, na hakupata hata moja.

— Alisema nini? aliuliza tena yule dada, safari hii akimtazama yeye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa ameanza kulia.

— Nilichomjibu nakikumbuka, dada, alisema Breki. Alichosema yeye sikukisikiliza.